Kupata thamani ya nafasi ya kila tarakimu kwa fomula za Excel: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unawahusu akina nani?

Unawahusu hasa watu wa aina mbili wanaoniuliza maswali haya huku Mtwara na Lindi. Wa kwanza ni walimu wa Hisabati wa shule za msingi. Wa pili ni makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, wanaoshinda na namba za kilo na shilingi tangu ufuta na mbaazi hadi korosho zinapoingia ghalani. Mwalimu anataka jedwali la mamoja, makumi, mamia na maelfu linalojijaza lenyewe. Karani anataka kujua ni wapi namba imeharibika kabla haijafika kwenye malipo. Wote wanahitaji kompyuta iwaonyeshe kila tarakimu imekaa wapi na ina thamani gani.

Kama unajua kugawanya kwa baki, tayari unajua kila kitu kinachohitajika hapa.

Tarakimu, nafasi na thamani: si kitu kimoja?

Hapana, na wengi wanaokwama kwenye fomula wamekwama hapa kwanza. Tuchukue namba za kwetu. Kwa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,634,947 na Lindi watu 1,194,028.

Kwenye namba ya Mtwara, tarakimu 4 imejitokeza mara mbili. Moja iko nafasi ya maelfu, thamani yake ni 4,000. Nyingine iko nafasi ya makumi, thamani yake ni 40. Tarakimu ni ile ile, lakini thamani zimepishana mara mia kwa sababu ya mahali ilipokaa.

Sasa tazama namba ya Lindi. Nafasi ya mamia ina 0. Thamani yake ni sifuri, na kuna mwanafunzi atakayekuambia kwamba basi haina kazi. Ifute uone: inabaki 119,428, na watu zaidi ya milioni moja wamepotea mkoani. Sifuri hiyo imeshika nafasi ili zile tarakimu za kushoto kwake zibaki na thamani zake. Nitairudia sifuri hii mara kadhaa, maana ndiyo inayoleta makosa mengi kuliko tarakimu nyingine zote, darasani na kwenye mzani.

Jedwali nilipange vipi kabla ya kuandika fomula?

Mstari wa 1 andika majina: seli A1 weka Namba, kisha kuanzia B1 hadi H1 weka Mamilioni, Mamia elfu, Makumi elfu, Maelfu, Mamia, Makumi, Mamoja. Kama wanafunzi wako wamezoea kusema laki, andika Malaki badala ya Mamia elfu, haidhuru.

Mstari wa 2, chini ya kila jina, weka thamani ya nafasi hiyo kwa tarakimu: 1000000, 100000, 10000, 1000, 100, 10, 1. Usiruke hatua hii. Hizi ndizo namba ambazo fomula itazisoma. Majina ya mstari wa 1 ni ya macho yetu tu.

Namba zako zianze A3. Weka 1634947 kwenye A3 na 1194028 kwenye A4. Usiandike mikato kwa mkono. Ukitaka ionekane, chagua umbizo la namba lenye mkato, nayo Excel itaionyesha bila kuigusa namba yenyewe.

Fomula yenyewe ni ipi?

Kwenye B3 andika:

=MOD(INT($A3/B$2),10)

Ivute kulia hadi H3, kisha ivute chini hadi mwisho wa namba zako. Mstari wa Mtwara utasoma 1, 6, 3, 4, 9, 4, 7. Wa Lindi utasoma 1, 1, 9, 4, 0, 2, 8.

Inafanyaje kazi? Sitaki kukariri tu.

Vizuri, maana anayekariri hukwama siku jedwali lake likipangwa tofauti. Tuifuate ikiwa kwenye safu ya Maelfu, seli E3.

Kwanza inagawanya: 1,634,947 kwa 1,000, jibu ni 1,634.947. Hapo nukta imesogea, na tarakimu ya maelfu, ile 4, imekuja kukaa mara tu kushoto kwa nukta, yaani nafasi ya mamoja.

Pili, INT inatupa kila kilicho kulia kwa nukta. Inabaki 1,634.

Tatu, MOD yenye 10 inauliza: 1,634 ukiigawanya kwa 10, baki ni ngapi? Baki ni 4. Ndiyo tarakimu yetu.

Kwa hiyo INT imeondoa yaliyo kulia kwa nafasi unayoitafuta, na MOD imeondoa yaliyo kushoto. Sogeza, kata kulia, kata kushoto. Mwalimu anaweza kuifanya ubaoni kwa chaki kabla hajagusa kompyuta, na mimi nashauri afanye hivyo: mwanafunzi wa darasa la nne anayejua kugawanya kwa 10, 100 na 1,000 ataifuata yote.

Zile alama za dola ni za nini?

Zinazuia anwani ya seli isihame unapoivuta fomula. $A3 inasema: safu ibaki A daima, mstari uruhusiwe kushuka. B$2 inasema: safu iruhusiwe kwenda kulia, mstari ubaki 2 daima. Ukizisahau, ukivuta kulia fomula itaacha kusoma namba yako na kuanza kusoma majibu ya jirani. Kwenye kompyuta, simamisha kielekezi juu ya anwani hiyo ndani ya fomula na ubonyeze F4. Dola zinabadilika kila unapobonyeza.

Hapo nimepata tarakimu. Thamani yake naipataje?

Acha safu ya I wazi, kisha kwenye J3 andika:

=B3*B$2

Vuta kulia hadi P3. Kwa Mtwara utaona 1,000,000, 600,000, 30,000, 4,000, 900, 40 na 7.

Kama huhitaji tarakimu na unataka thamani moja kwa moja, kuna njia ninayoipenda kwa usafi wake:

=MOD($A3,B$2*10)-MOD($A3,B$2)

Kwa maelfu, sehemu ya kwanza inatoa 4,947 na ya pili inatoa 947. Ukitoa, inabaki 4,000.

Nitajuaje kwamba jedwali halijanidanganya?

Jumlisha thamani zote zirudi kwenye namba ya mwanzo. Kwenye Q3:

=SUM(J3:P3)=A3

Ikijibu TRUE, jedwali liko sawa. Ikijibu FALSE, simama utafute sababu. Naomba safu hii isikosekane kwenye faili lako hata ukiwa na haraka.

Jaribu kuweka idadi ya watu wa Tanzania kwa sensa hiyo hiyo, 61,741,120. Q itajibu FALSE, kwa sababu jedwali letu linaishia mamilioni na namba hii ina tarakimu ya makumi ya milioni. Ile 6 ya mbele haikupata pa kukaa, ikaachwa kimya kimya. Dawa ni kuongeza safu ya 10000000 upande wa kushoto. Bila uhakiki usingejua, maana safu nyingine zote zinaonekana sawa kabisa.

Namba ndogo zinaniletea sifuri nyingi mbele. Nizifiche vipi?

Namba 947 itaonyesha 0, 0, 0, 0, 9, 4, 7, na mtoto atauliza zile nne za mwanzo zimetoka wapi. Usizifute, na usitumie umbizo la kuficha sifuri zote, kwa sababu litaficha pia ile sifuri ya mamia ya Lindi ambayo tunaihitaji.

Chagua seli zote za tarakimu kuanzia B3, fungua kitufe kilichoandikwa "Conditional Formatting", chagua kanuni ya kutumia fomula, na uandike:

=$A3<B$2

Kisha weka rangi ya maandishi iwe nyeupe. Sifuri za mbele zitapotea machoni, za katikati zitabaki, na hesabu zote zitaendelea kama kawaida.

Mwenzangu anatumia MID na LEN. Je, njia yake ni mbaya?

Si mbaya, ila ina masharti. Fomula kama hii:

=MID($A3,LEN($A3)-2,1)

inahesabu herufi kutoka mwisho na kuchomoa ya tatu, ambayo kwa namba nzima ni tarakimu ya mamia. Kwa Mtwara itatoa 9, sawa kabisa. Lakini 9 hiyo ni maandishi. Ukiwa nazo nyingi na ukazijumlisha kwa SUM, utapata 0, na utahangaika kutafuta kosa ambalo halionekani kwa macho. Lazima uifunge ndani ya VALUE ili iwe namba.

Kasoro ya pili: namba ikiwa na tarakimu mbili tu, mfano 47, MID inaambiwa ianze herufi ya sifuri, na jibu ni #VALUE!. Ya tatu: nukta ya desimali na alama ya kutoa zote zinahesabiwa kama herufi, kwa hiyo nafasi zinahama.

Ushauri wangu: kwa kiasi cha kitu chochote, kilo, shilingi, watu, tumia MOD na INT. MID iwekee namba za utambulisho, nitazieleza karibu na mwisho.

Wanafunzi wangu wakisikia "elfu nne themanini na tano" wanaandika 400085. Excel inaweza kunisaidia nini hapo?

Inaweza kukusaidia kutambua nani amekosea kwa namna gani, na kwa mwalimu mwenye darasa kubwa hilo ni jambo la maana sana.

Mtoto anayeandika 400085 hakubahatisha. Alisikia elfu nne, akaandika 4000. Akasikia themanini na tano, akaandika 85 mbele yake. Ameandika kila alichosikia, kwa mpangilio aliousikia. Kuna anayekwenda mbali zaidi akaandika 4000805, kwa sababu themanini ameiandika 80 na tano ameiandika 5. Kuna wa tatu anayeandika 485: huyu anajua elfu nne inaandikwa 4, ila hakusikia mamia yakitajwa, hivyo hakuyawekea kitu. Wote watatu wamekosa, lakini hawahitaji somo moja. Wa kwanza na wa pili hawajaelewa kwamba nafasi yenyewe ndiyo inayosema "elfu". Wa tatu ameshaelewa hilo; anachohitaji ni kazi ya sifuri.

Weka namba sahihi kwenye safu A ya karatasi mpya na alichoandika mtoto kwenye safu B, kuanzia mstari wa 2. Kwenye C2:

=IF(B2=A2,"Sahihi",IF(B2=VALUE(INT(A2/1000)*1000&MOD(A2,1000)),"Ameandika alivyosikia",IF(B2=VALUE(INT(A2/1000)&MOD(A2,1000)),"Ameruka sifuri","Mwite umsikilize")))

Ile alama ya & inaunganisha, haijumlishi. INT(A2/1000)*1000 ni 4000, MOD(A2,1000) ni 85, ukiviunganisha unapata 400085, yaani kosa lenyewe la mtoto. Ukiacha ile *1000, unapata 4 na 85, yaani 485. Fomula imeundwa kwa namba za kuanzia 1,000 hadi 9,999.

Kama unataka kumkamata na yule wa 4000805, kosa lake linaundwa hivi:

=VALUE(INT(A2/1000)*1000&INT(MOD(A2,1000)/10)*10&MOD(A2,10))

"Mwite umsikilize" nimeliweka kwa makusudi. Kuna makosa ambayo hakuna fomula itakayoyaeleza, na mtoto akikusomea mwenyewe alichoandika, mara nyingi utajua tatizo kabla hajamaliza kusoma.

Naweza kutengeneza maswali mapya ya mazoezi kila wiki bila kuyabuni mwenyewe?

Ndiyo. Kwa namba yoyote ya tarakimu nne:

=RANDBETWEEN(1000,9999)

Lakini humo sifuri katika nafasi ya mamia itatokea kwa bahati tu, wakati ndiyo unayotaka kuwazoeza. Tumia hii:

=RANDBETWEEN(1,9)*1000+RANDBETWEEN(1,99)

Kila namba itakayotoka, mfano 4,085, 7,012 au 3,006, itakuwa na 0 kwenye mamia. Vuta chini upate mistari unayohitaji. Namba hizi hubadilika kila unapoandika kitu kwenye faili, kwa hiyo ukishazipata zinakili na uzibandike kama thamani tu kabla ya kuchapisha. Usipofanya hivyo, karatasi ya maswali na karatasi yako ya majibu zitakuwa na namba tofauti.

Nifanyeje ili namba iandikwe kwa kirefu, 4,000 + 80 + 5, ndani ya seli moja?

Kwa Excel ya 2019 na kuendelea:

=TEXTJOIN(" + ",TRUE,IF(J3:P3>0,TEXT(J3:P3,"#,##0"),""))

Kwenye Excel ya 2019 yenyewe, malizia kwa Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Kwenye Google Sheets, ifunge yote ndani ya ARRAYFORMULA.

Napata #VALUE! kila mahali. Kulikoni?

Sehemu kubwa ya faili ninazoletewa zenye tatizo hili, kosa liko kwenye safu A: mtu ameandika 4085 kg, au 37,500/= kama alivyozoea kwenye risiti ya mkono. Kwa kompyuta hiyo si namba tena, ni maandishi, na haiwezi kuyagawanya. Dalili ni kwamba yamelala kushoto mwa seli, wakati namba halisi hulala kulia.

Kama ni mistari michache, futa uandike upya. Kama ni daftari zima la msimu, weka safu ya pembeni ya kusafishia:

=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A3,"/=",""),",",""))

Kwa kilo, badala ya "/=" weka "kg". Na ukitaka alama hiyo ionekane bila kuharibu namba, iweke kwenye umbizo maalumu la seli, #,##0"/=" au #,##0" kg". Hapo utaandika 37500 tu, nayo itaonekana 37,500/=.

Ukinakili fomula kutoka WhatsApp nayo ikakataa, angalia alama za nukuu. Zikiwa zimepinda, zifute uziandike upya kwa kibodi yako.

Nina upungufu wa kilo 47, nimeuandika -47. Mbona fomula inatoa 5 na 3?

Kwa sababu INT huenda chini daima. INT ya 4.7 ni 4, lakini INT ya -4.7 ni -5, na MOD nayo hurudisha baki chanya. Matokeo ni tarakimu ambazo hazimo kabisa kwenye namba yako. Iondolee alama kwanza:

=MOD(INT(ABS($A3)/B$2),10)

Ukitofautisha uzito wa AMCOS na uzito wa ghala kuu, tumia hii tangu mwanzo. Haiharibu kitu kwa namba chanya. Ila uhakiki wako nao ulinganishe na ABS(A3).

Mizani ya kidijitali inatoa 82.35. Sehemu ya kumi na sehemu ya mia nazipataje?

Ongeza safu mbili kulia kwa Mamoja, mstari wa 2 uweke 0.1 na 0.01, na fomula ibadilike kidogo:

=MOD(INT(ROUND($A3/B$2,6)),10)

ROUND hapo ni ya lazima. Kompyuta hutunza namba kwa mfumo wa jozi, wa 0 na 1, na katika mfumo huo 0.1 haina mwisho kamili, kama theluthi moja isivyo na mwisho katika desimali zetu. Kwa hiyo kugawanya kunakopaswa kutoa 3 kunaweza kutoa 2.9999999999999996, na INT ikikata yaliyo kulia unabaki na 2. ROUND hadi nafasi 6 inairudisha 3 kabla INT haijakata. Kwa 82.35 utapata 8, 2, 3, 5.

Uhakiki nao uwe =ROUND(SUM(...),2)=ROUND(A3,2), ukiweka safu zako za thamani mahali pa nukta.

Naweza kutumia hesabu hii kupanga noti za kuwalipa vibarua?

Unaweza, lakini usichukue fomula ya mwanzo kama ilivyo. Nafasi za tarakimu hupanda mara kumi kila hatua. Noti zetu hazipandi hivyo. Toka 1,000 kwenda 2,000 ni mara mbili, toka 2,000 kwenda 5,000 ni mara mbili na nusu. Kwa hiyo kila noti lazima ihesabiwe kwenye baki la zilizoitangulia. Kiasi kikiwa A2:

Noti za 10,000: =INT(A2/10000)
Noti za 5,000: =INT(MOD(A2,10000)/5000)
Noti za 2,000: =INT(MOD(A2,5000)/2000)
Noti za 1,000: =INT(MOD(MOD(A2,5000),2000)/1000)
Mia tano: =INT(MOD(A2,1000)/500)

Kibarua wa 37,500 atapata noti tatu za 10,000, moja ya 5,000, moja ya 2,000, hakuna ya 1,000, na mia tano moja. Kosa la kawaida ni kuandika MOD(A2,10000)/2000 kwenye noti za 2,000. Hapo baki ni 7,500, na ile 5,000 iliyokwisha kutolewa inahesabiwa mara ya pili, unajikuta unatoa noti tatu za 2,000 badala ya moja.

Ukijumlisha kila safu chini, unajua ukienda benki uombe noti ngapi za aina gani. Watu ishirini wamebeba magunia tangu asubuhi, hawapaswi kusubiri chenji hadi jioni.

Na kuandika kiasi kwa maneno kwenye hati ya malipo?

Kiswahili kinasoma namba nafasi kwa nafasi, kwa hiyo tarakimu ulizokwisha kuzipata zinatosha. Kwa makumi na mamoja, yaliyoko G3 na H3:

=CHOOSE(G3+1,"","kumi","ishirini","thelathini","arobaini","hamsini","sitini","sabini","themanini","tisini")&IF(AND(G3>0,H3>0)," na ","")&CHOOSE(H3+1,"","moja","mbili","tatu","nne","tano","sita","saba","nane","tisa")

Makumi yakiwa 8 na mamoja 5, unapata themanini na tano. Ile +1 ipo kwa sababu CHOOSE huanza kuhesabu kwenye 1, wakati tarakimu zetu zinaanzia 0. Kwa mamia, tanguliza =IF(F3>0,"mia "&CHOOSE(F3,"moja","mbili", na kuendelea hadi "tisa"), na maelfu vivyo hivyo kwa "elfu ". Jenga kila nafasi kwenye seli yake, kisha uziunganishe mwishoni kwa &. Ukiiandika yote kwenye seli moja, siku ya kurekebisha utasumbuka.

Chama kikuu kinafanya kazi na mabilioni. Fomula itahimili?

Kwenye Excel za sasa, ndiyo. Kwenye matoleo ya kabla ya 2010, ambayo huenda bado yapo kwenye baadhi ya kompyuta za ofisini, MOD hukataa na kutoa #NUM! namba ikifika mara 134,217,728 ya kigawanyo. Kwa fomula yetu, safu ya Mamoja itaanza kugoma namba ikipita bilioni moja na milioni mia tatu hivi. Fomula hii inatoa jibu lile lile bila MOD:

=INT($A3/B$2)-10*INT($A3/(B$2*10))

Kuna mpaka mwingine usioweza kuukwepa: Excel hushika tarakimu 15 tu. Ukiandika 1234567890123456, ya mwisho itageuka 0. Hakuna hesabu ya korosho itakayofika huko, ila kuna namba nyingine zinazofika.

Ni zipi hizo?

Namba ya Kitambulisho cha Taifa, NIDA, ina tarakimu 20. Ukiiandika kwenye seli ya kawaida bila vistari, tano za mwisho zitageuka sifuri na hutazirudisha tena. Namba ya simu nayo itapoteza 0 ya mbele. Hizi ni namba za kumtambulisha mtu. Haina maana kuuliza nafasi yake ya maelfu. Zipe seli umbizo la maandishi kabla hujaandika chochote, na hapo sasa MID na LEFT ndizo mahali pake. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, hivyo =LEFT(A2,4) inatoa mwaka na =MID(A2,5,2) inatoa mwezi.

Orodha za namba hizi zifungie faili lako kwa nywila, usiziache kwenye kompyuta ya pamoja.

Sina Excel, nina simu tu. Nifanyeje?

Google Sheets ya bure inafanya kazi kwenye simu, na fomula zote za hapa zinakubali humo, ukizingatia ile ARRAYFORMULA niliyoitaja. Kwa kompyuta, LibreOffice Calc nayo ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaiweka. Kama programu inalalamikia fomula uliyoiandika sawasawa, jaribu kubadilisha mikato iliyo ndani ya mabano iwe nukta mkato: =MOD(INT($A3/B$2);10). Baadhi ya simu na kompyuta huja zimepangwa kwa nchi zinazotumia mkato kama nukta ya desimali, na humo ndimo tatizo hili hutokea. Ukibadilisha mpangilio wa nchi kwenye faili uwe Uingereza, mikato ya kawaida itarudi kufanya kazi.